Dakota Iliyofungwa Kitambaa Chekundu

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko ya jana, mwanangu Hawa, na nataka uisikie yote kabla hujaripoti kazini Jumatatu. Kaa hapa karibu. Hiyo simu iweke mezani kifudifudi, maana mimi sipendi kumsimulia mtu ambaye macho yake yako kwenye kioo. Chai ipo, mandazi yapo, na mvua hii ya Kansanga haina dalili ya kukatika. Hatuna pa kukimbilia.

Mama yako ameitembeza ile picha yako mtaa mzima. Ni ya siku uliyopewa kazi, umevaa ovaroli, umesimama chini ya bawa la Dakota, ile ndege kongwe ya vita mnayoifufua huko uwanjani ili iruke tena na watoto wa shule waione. Kila aliyeoneshwa alisema mashallah, binti amependeza. Mimi nilimwambia mama yako aikuze kwa vidole nikautazama mkia, nione kitambaa kimekazwa vizuri au kimelegea. Akanicheka. Akaniuliza ndege ina kitambaa gani. Mwanangu, mama yako ni mwerevu sana, lakini la ndege halijui, ingawa bila ile asubuhi ninayokusimulia angelelewa bila baba.

Baba yake ndiye babu yako Kasimu, kaka yangu wa tumbo moja, Mungu amlaze pema. Habari hii ni yake zaidi kuliko yangu. Aliwahi kuniambia, Zaituni, mimi nikitangulia, wewe uwasimulie, usipunguze kitu. Basi sipunguzi.

Sisi ni watu wa pwani tulioingia Kampala na biashara za mababu, tukanogewa, tukasahau kurudi. Baba yetu alikuwa na cherehani zake Nakivubo, na alitaka Kasimu azirithi. Kasimu hakutaka hata kuzisikia. Tangu utotoni alikuwa anafungua kila kitu chenye skrubu, redio ya baba ikiwemo, na alichapwa kwa hiyo redio mpaka majirani wakaja kumwombea. Alipokua akapata kazi ya ufundi kwenye kampuni moja ndogo iliyokuwa inabeba mizigo kwa ndege. Kampuni yenyewe imeshakufa zamani. Ndege yao ilikuwa Dakota iliyostaafu jeshini, na pamoja nayo alistaafu fundi wake mkuu, mzee wa Kinubi kutoka Bombo, aliyeitwa Marjani. Uanajeshi ulimtoka mwilini lakini mdomoni ulibaki, kwa hiyo wote tulimwita Afande.

Mwili wa Dakota ni bati tupu, hilo umeliona mwenyewe. Lakini vile vipande vinavyocheza nyuma ya mabawa na kwenye mkia, vile vinavyoinua pua ya ndege na kuigeuza, ni mbavu za bati jepesi zilizovikwa kitambaa. Kitambaa kinashonwa kwa mkono, kila mshono una fundo lake, ili ukikatika mmoja usivute wenzake. Kisha kinapakwa rangi maalumu yenye harufu ya kulevya, kinakauka na kukazana mpaka ukikigonga kwa kidole kinalia. Mshonaji wa Afande alikuwa amehama, na Kasimu akaja dukani kuuliza nani ana mkono uliotulia. Baba akadhani anatania. Mimi nikavua kastabini kidoleni nikasema, nakwenda.

Baba alikubali kwa sharti moja, kwamba Kasimu anidhamini mbele ya Afande, nikiharibu aulizwe yeye. Akanidhamini. Kwa hiyo ujue, mwanangu, kazi niliyoipenda kuliko zote maishani mwangu nilipewa na kaka yangu. Kumbuka hilo utakapofika mahali ambapo utasema Bibi alikuwa na roho ngumu.

Sasa injini. Najua umesomea, na vyeti vyako nimeviona ukutani kwa mama yako, lakini nisikilize hivyo hivyo. Silinda za injini ya Dakota zimekaa mviringo, kama watoto waliozunguka sinia la pilau. Za juu zinatazama juu, za chini zinatazama chini. Ndege ikisimama siku nyingi, oili inateremka polepole na kujikusanya kwenye zile za chini. Ndiyo maana kabla ya kuwasha, swichi zote zikiwa zimezimwa, watu huishika propela kwa mikono na kuizungusha taratibu, upande ule ule inaozungukia injini ikiwaka. Ikienda mzunguko wake, alhamdulillahi. Ikikwama, ujue mle ndani pistoni, ile inayopanda na kushuka kwenye silinda, imekutana na oili. Hewa inabanika, oili haibaniki. Hapo unaacha, unaleta ngazi, unafungua plagi za silinda za chini, oili inamwagika kwenye beseni, unasafisha, unafunga, unaanza upya. Ni kazi ya kuchosha, inachafua, inakula asubuhi nzima ya mtu.

Ipo njia nyepesi, na ndiyo inayoua. Ukiirudisha propela nyuma kidogo inalainika. Inakuwa tamu kabisa, unaweza kuisukuma kwa mkono mmoja, na ukiizungusha tena mbele inapita bila kugoma. Utadhani umeponya. Kumbe ile oili haijatoka kwenye injini. Umeisukuma kupitia valvu, kile kilango cha silinda, ikaingia kwenye bomba la hewa, imejificha pale chini inangoja. Injini ikiwashwa, bomba linaivuta na kuirudisha kwenye silinda kwa nguvu zote, na pistoni inaigonga kwa kasi. Mkono wa pistoni unapinda. Wakati mwingine unakatika pale pale, na hiyo ni heri, maana bado mko chini. Wakati mwingine unapinda kidogo tu, ndege inaruka vizuri, watu wanaimba, na unakuja kukatika huko juu. Afande alitufundisha hayo sote, mafundi, wapakiaji, hata mimi wa sindano. Alisema kila anayepita karibu na ndege ana macho, na macho hayana cheo.

Akaweka na desturi moja pale kazini. Kwenye msumari karibu na mlango wa banda vilining'inia vitambaa vyekundu, nilivishona mimi mwenyewe. Mtu yeyote mwenye shaka na ndege anachukua kimoja anafunga kwenye propela. Kikishafungwa, ndege haiwashwi, na anayeruhusiwa kukifungua ni yule yule aliyekifunga. Si rubani, si mwenye kampuni, si Afande mwenyewe. Wapakiaji walikuwa wananitania kwamba siku nikikasirishwa na chakula cha mchana nitafunga ndege nzima.

Haya. Ilikuwa baada ya mvua za muda mrefu, Dakota imekaa bila kuruka. Ikaja kazi ya kupeleka dawa na vifaa vya hospitali Arua, pamoja na wauguzi waliokuwa wanakwenda kufanya kazi huko. Na Arua ndiko alikokuwa mke wa Kasimu, bibi yako Rehema, amekwenda kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Usiku wa kuamkia siku hiyo ikaja habari kwamba uchungu umeanza kabla ya wakati na hali yake si nzuri. Rubani, tuliyekuwa tunamwita Kapteni tu, akampa Kasimu nafasi kwenye ndege bila hata kuombwa. Ila akatoa onyo kwamba mawingu yanajikusanya, na wasiporuka mapema safari itakuwa ya kesho.

Kasimu hakulala. Nilimkuta bandani macho mekundu. Afande na Kapteni walikuwa ofisini wanashughulikia hali ya hewa. Kasimu na wapakiaji wakaanza kuizungusha propela ya injini ya kushoto, na haikufika mbali ikagoma. Nilikuwa juu ya ngazi kule mkiani nikikagua mishono yangu, nikamwona anavyoiangalia. Aliangalia injini, akaangalia mbinguni, akaangalia tena injini. Kisha akawaambia wapakiaji waende kuwasaidia wauguzi na masanduku yao. Wakaenda.

Akaishika propela peke yake na kuirudisha nyuma.

Ililainika mara moja. Akaizungusha mbele, ikaenda vizuri kabisa. Akajifuta mikono, na alipogeuka akaniona nimesimama na sindano mkononi. Alikuja mpaka chini ya ngazi yangu. Hakuwa mkali. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. "Zaituni, hujaona kitu. Rehema ananingoja."

Mwanangu, nikwambie kweli, nilitamani nisingeona. Nilishuka ile ngazi. Nikajiambia labda si oili nyingi. Nikajiambia yeye ndiye fundi, mimi ni mshonaji, najua nini? Nikajiambia Rehema akifa huko peke yake nitamtazamaje kaka yangu. Wakati najiambia hayo wauguzi walikuwa wanapita mbele yangu kwenda kupanda, wasichana wa rika langu, mmoja wao amebeba kuku kwenye kikapu anampelekea shangazi yake, na yule kuku analalamika njia nzima. Wanacheka. Kasimu naye anachukua mfuko wake mdogo, mle ndani mna nguo za mtoto nilizoshona mimi. Nikaona sasa kwamba anapanda ndege hiyo hiyo. Hasira zikanipanda. Nikaenda mlangoni, nikatoa kitambaa kwenye msumari, nikafunga kwenye propela ya kushoto fundo ninalofunga mimi, ambalo halifunguki kwa kuvuta.

Kasimu alinifikia kabla mtu mwingine hajaona. Hapo alikuwa mkali. "Mke wangu anakufa, na wewe ndugu yangu unanifungia kitambaa?"

Nikamwambia mtoto anayezaliwa leo atahitaji baba kesho pia. Sikujua nilikotoa maneno hayo, na hayakumfurahisha hata kidogo. Alinitazama kama mtu asiyenijua. Machozi yalinitoka pale pale, lakini mikono niliiweka nyuma.

Basi Kapteni akatoka ofisini akakiona kile chekundu. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, na siku hiyo alikuwa na sababu. Akauliza nani amefunga. Nikasema mimi. Akauliza mkia una nini. Nikasema mkia hauna neno, ni injini. Akacheka kwa mshangao, akaniambia nifungue tuondoke, wingu halisubiri. Nikasema sifungui. Wauguzi wakaanza kuchungulia mlangoni mwa ndege. Afande akaja kwa mwendo wake ule wa taratibu, akasimama mbele yangu, akaniuliza sababu.

Nikasema, "Afande, propela ilikwama ikarudishwa nyuma."

Hakuuliza na nani. Aliagiza ngazi na spana, akapanda mwenyewe, akafungua plagi za silinda za chini moja baada ya nyingine, sisi sote tumesimama na beseni. Matone machache yakadondoka, ya kawaida tu. Silinda zilikuwa kavu. Kapteni akashusha pumzi. Akasema kwa upole kabisa kwamba binti ameona vibaya, si kosa, kule mkiani ni mbali, sasa tufunge twende. Na wapakiaji wakaanza kunong'ona, nikasikia mmoja akisema kwa Kiganda kwamba wanawake wana woga.

Hapo ndipo palikuwa pagumu, mwanangu, kuliko kufunga kitambaa chenyewe. Kwa sababu mlango wa kutokea ulifunguliwa, mpana, wa heshima. Ningesema samahani, nimeona vibaya, na mimi na kaka yangu tungebaki na kazi zetu. Hakuna ambaye angenilaumu. Hata moyo wangu ukaanza kunihoji kama kweli niliona nilichokiona. Afande akanitazama akaniuliza kwa maneno yake ya kijeshi, unafungua au hufungui? Nikatazama kitambaa. Nikatazama mlangoni kwa wale wasichana. Nikasema, sifungui.

Kapteni akavua kofia akajifuta jasho. Nilikuwa najua kwamba neno linalofuata ni langu, kwamba itabidi nimtaje ndugu yangu wa damu mbele ya watu. Nikafungua mdomo. Lakini kabla sauti haijatoka, Kasimu aliweka mfuko wake chini.

"Oili iko kwenye bomba la hewa, Afande. Mimi ndiye niliyeirudisha. Dada yangu ameona sawasawa."

Afande akasogeza ngazi, akafungua bomba la silinda ya chini kabisa, na lilipoachia tu oili ikamwagika, nyeusi, nzito, ikapita beseni, ikamwagikia viatu vyake mwenyewe. Ilimwagika muda ambao kila mtu pale alipata kuitazama na kuhesabu ndugu zake. Kapteni aliguna tu. Yule muuguzi mwenye kuku akakaa chini kwenye ngazi ya ndege.

Nilidhani Afande atafoka, maana sauti ya kufoka alikuwa nayo, tulishaisikia kwa mambo madogo. Hakufoka. Alimwita Kasimu karibu, akamwekea kiganja chake chenye oili begani, ovaroli ikachafuka.

"Kasimu, haraka yako naielewa. Mimi ningekuwa wewe ningeruka bila ndege. Injini kukwama si kosa la mtu. Tatizo lilikuwa hapa mbele yetu sote, wewe ukalisukuma mahali ambapo hakuna anayeliona, halafu ukatuambia tupande. Hilo sitaki kuliona tena. Chukua spana, umalize."

Kisha akanigeukia mimi, na mimi nilikuwa nangoja sifa, sitakuficha. Akaniambia kitambaa nimefunga vizuri. Lakini nilisema propela "ikarudishwa", bila mtu, kana kwamba ilirudishwa na upepo. Akasema alielewa kwa nini. Ila alidhani ni wapakiaji walioitikisa kidogo tu; angejua tangu mwanzo kwamba ni fundi aliyeirudisha mpaka ikalainika, angekwenda moja kwa moja kwenye bomba, wala tusingesimama pale kutazama plagi kavu na kukaribia kudanganyika. "Ukifunga kitambaa, sema na sababu yote. Yote."

Basi tukafanya kazi. Mwanangu, sijawahi kuona kazi kama ile. Kapteni mwenyewe alishika beseni, wapakiaji wakageuka mafundi wa kupanguza, wauguzi wakatoa pamba zao za hospitali tukafutia mabomba. Kasimu alifungua kila bomba la chini, akasafisha kila plagi, akafunga kila bolti na kuifungia waya wake, na Afande akapitisha kidole juu ya kila kimoja. Wakaizungusha propela mbele kwa mikono, ikaenda, ikaenda tena. Mawingu yalikuwa bado yanajikusanya taratibu. Nikakuta ile kazi tuliyoogopa itakula siku nzima imekwisha jua likiwa halijafika utosini.

Afande akaniambia sasa ni zamu yangu. Nikakwea, nikashika fundo langu, nikasita. Akaniuliza swali moja tu: ningemweka mama yangu mle ndani? Nikamwangalia Kasimu, mikono yake mieusi mpaka viwikoni, na nikaona kwamba nikifungua kitambaa hicho ninaweka mle ndani kaka yangu na wale wasichana wote. Nikasema ndiyo. Nikakifungua.

Injini ikakohoa moshi wa buluu, kama kawaida yake, ikashika. Ikanguruma vizuri, na Afande akasimama pembeni ameinamisha kichwa anaisikiliza mpaka akaridhika. Akapanda. Ilikuwa sheria yake kwamba aliyefungua injini anaruka nayo, kwa hiyo wote wawili walipanda, Afande na Kasimu. Kaka yangu alipita mbele yangu bila kuniangalia. Niliumia, sitasema sikuumia. Ile Dakota ikakimbia, ikainua mkia kwanza, mkia wangu, kisha ikajinyanyua yote, na mimi nilisimama pale nikaisindikiza kwa dua mpaka sauti ikapotea.

Jioni ikaja habari kutoka Arua. Rehema alikuwa amedhoofu sana lakini yu hai, na amezaa mtoto wa kike. Kasimu alifika mtoto akiwa keshazaliwa. Mtoto huyo ni mama yako, Hawa, huyu anayeuliza ndege ina kitambaa gani.

Mwenye kampuni alitaka kumfukuza Kasimu. Afande akamjibu kwamba mtu aliyejitaja mwenyewe mbele ya watu, wakati plagi ni kavu na angeweza kunyamaza, huyo ndiye atakayemwachia injini siku yeye Afande akistaafu. Na ndivyo alivyofanya. Kasimu aliporudi alikaa siku nyingi tunasalimiana tu, assalamu alaikum, wa alaikumu salamu, basi. Halafu siku moja akaja Nakivubo dukani, akamweka mtoto kwenye mapaja yangu, akaomba chai. Hatukuongea juu ya lile jambo. Alikunywa chai, akala, akalala kwenye kiti cha baba akikoroma. Nilijua yameisha. Na tangu hapo kila kijana aliyepewa amfundishe, somo la kwanza alimpeleka kwenye propela na kumwambia, mimi niliwahi kuirudisha hii nyuma, njoo nikuoneshe inavyodanganya.

Sasa wewe. Jumatatu utaingia kwenye banda na wenzako wenye haraka, na wakubwa wenye ahadi walizowapa watu, na siku ya maonesho imeshatangazwa. Injini ya zamani itakwama, mwanangu, ndiyo tabia yake. Usione haya ikikwama. Lete ngazi, fungua, mwaga, chafuka. Ukiona njia inayofanya tatizo lipotee bila kitu chochote kutoka nje, jiulize limekwenda wapi, maana limekwenda mahali. Na hayo si ya ndege peke yake. Utaolewa, utakuwa na nyumba, utagombana na watu unaowapenda. Kinachokwama kitoeni nje mkione, hata kama kitawachafua viatu.

Na ukiwa na shaka, funga kitambaa. Kama huko kwenu hakuna desturi hiyo, ianzishe. Vitambaa nitashona mimi, vidole bado vinafanya kazi. Ukishafunga, sema sababu yote, nani na nini, hata akiwa ni mtu aliyekupa hiyo kazi. Wakikwambia umeona vibaya, na wewe unajua umeona, baki pale pale. Watakasirika. Waache wakasirike wakiwa chini, wazima, na chai yao ya jioni inawangoja. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyerudisha propela, kwa sababu siku hiyo inaweza kuja hata kwako mwenye vyeti, usingoje dada yako akutaje. Weka mfuko chini useme. Babu yako alifanya makosa asubuhi hiyo kwa sababu ya mapenzi, na aliyasahihisha asubuhi hiyo hiyo kwa sababu alikuwa mwanamume kweli. Mimi najivunia yote mawili.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akupe macho yanayoona na ulimi usiotetemeka. Akupe walimu wenye subira na marafiki wanaoweza kukufungia kitambaa. Mikono yako ichafuke kwa kazi, isichafuke kwa kitu kingine. Na kila utakayempandisha kwenye ndege, mwanangu, mtu mzima kwa mtoto, ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Amina.